Ruta ya Chumba cha Nyuma

Msonyo wa kwanza ulisikika Jumanne saa nane mchana, mrefu, wa mtu mwenye nafasi ya kuuvuta, na kila aliyekuwa ndani ya nyumba ile alijua umetoka kwa nani.

Nesi, aliyekuwa sebuleni akikunja nguo baada ya zamu ya asubuhi, alijua umetoka kwa mama mkwe wake, chumba cha nyuma. Bibi, aliyekuwa chumba cha nyuma akitafuta miwani, alijua umetoka kwa mkwe wake, sebuleni. Kwa miaka minane wawili hao walikuwa wameishi chini ya paa moja kama paka na panya, na hawakuhitaji ushahidi zaidi ya huo.

"Mama, kama kuna neno si useme tu," nesi akapaza sauti ivuke ukuta. "Kusonyana ni mambo ya watoto."

"Mimi? Meno yenyewe ya kusonyea ninayo?" Bibi akajibu. "Usonye mwenyewe, halafu unibambikie mimi!"

Chiriku alikuwa ameketi sakafuni kwenye korido, katikati yao. Huyu ni binti wa nyumba, miaka sita, na jina hilo alipewa kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwa amenyamaza. Akanyoosha kidole kuelekea chumba cha bibi yake, juu ya rafu, kilipokaa kisanduku cheusi chenye taa nne za kijani.

"Ni yeye aliyesonya," akasema.

Hakuna aliyemsikiliza. Watu wanaochukiana hawana muda wa kusikiliza mtoto; wana kazi.

Kisanduku kile kilikuwa na siku mbili tu ndani ya nyumba. Baba Chiriku alikuwa fundi wa mtandao, mtu wa kupanda ngazi na kutoboa kuta za watu mji mzima, lakini kinyozi hajinyoi. Ruta ya nyumbani kwake, kifaa cha kurushia mtandao, ilikuwa ukutani sebuleni, na kati ya sebule na chumba cha nyuma palikuwa na ukuta wa zege ambao mawimbi yake hayakuweza kuupenya. Mama yake akitaka kuongea na binti yake aliye ng'ambo, ilimbidi aende kukaa sebuleni, mbele ya mkwe wake, na kila neno lake lisikike.

"Mwanangu anawaunganishia watu dunia nzima," Bibi alikuwa akisema, akihakikisha anasikika, "mimi mama yake naomba mawimbi kama naomba chumvi."

Ndipo Jumapili fundi akaja na ruta ya pili. Akapitisha kebo juu ya dari ya korido, akachomeka ncha moja kwenye ruta ya sebuleni na nyingine kwenye ruta ya nyuma. Kisha akafanya lile ambalo fundi yeyote hulifanya. Simu yoyote ikiingia kwenye mtandao wa nyumba huomba namba, na ruta ndiyo inayoigawia. Ruta zikiwa mbili, moja tu ndiyo iachiwe kazi hiyo, maana wagawaji wawili chini ya paa moja ni ugomvi mtupu. Akaizima kazi hiyo kwenye ile ya pili. Hapo hakukosea.

Alikosea kwenye jina. Ruta ilikuwa imetumika, na kifaa kilichotumika hufutwa kwanza: unaingiza pini kwenye kitundu cha nyuma, unabana mpaka taa zizimike. Aliifuta mara tatu, na mara tatu ikaamka na jina lake la zamani, Kwangu. Alitaka ruta zote mbili ziwe na jina moja na nenosiri moja, ili simu zihame kutoka chumba hadi chumba bila kuuliza. Ruta ya pili ilipokataa kuchukua jina la nyumba, yeye, kwa uvivu wa Jumapili, akaichukua ile ya sebuleni akaipa jina la ruta ya pili. Alijiambia kwamba jina ni jina tu. Nyumba nzima ikawa inaitwa Kwangu, na hakuna aliyejua ni kwa nani.

"Umeitoa wapi?" mkewe alimuuliza siku ile.

"Ofisini. Ilibaki kwenye stoo."

Ulikuwa uongo, na alimwambia akiwa amempa mgongo.

Baada ya msonyo ikaja harufu. Kila siku jua likifika utosini, harufu ya nywele zilizoungua ilianzia chumba cha nyuma, ikatambaa koridoni hadi jikoni, ikakaa robo saa, ikaondoka. Nesi akasema mama mkwe anachoma madude yake. Bibi akasema mkwe anaunguza sufuria kwa kiburi. Fundi, kama kawaida ya wanaume wa nyumba za namna hiyo, akagundua ghafla kwamba ana kazi nyingi nje.

Alhamisi Bibi alipiga simu ya picha kwa binti yake, mlango umefungwa, raha mstarehe.

"Mama, mwambie wifi akae basi," binti akasema. "Mbona amesimama tu?"

"Wifi yupi?"

"Si huyo nyuma yako. Mbona ameinamisha kichwa hivyo?"

Bibi aligeuka. Palikuwa na ukuta, na rafu, na taa nne za kijani. Jioni mkwe wake aliporudi, alimpokea mlangoni. "Ukome kuja kunisimamia nyuma nikiongea na mwanangu." Nesi alivua viatu polepole. Siku nzima alikuwa wodini, akiwa na wagonjwa ishirini na wanne na mashahidi wa kutosha, lakini hakusema hivyo. Alisema, "Mama, akili yako inaanza kukuacha," na maneno hayo yalimchoma yule mzee kuliko alivyotaka kuonyesha.

Wakati huo Chiriku alikuwa ameacha kusema. Hilo wangelishika mapema kama wangekuwa watu wa kusikiliza ukimya. Alishinda chini ya ile rafu, mgongo ukutani, magoti kidevuni. Ijumaa, baba yake alipomuuliza ana nini, alijibu kwa mkato.

"Nimepewa namba."

"Namba gani, mama?"

"Ya saba."

Baba akacheka, akampapasa kichwa, akaenda zake.

Jumamosi alasiri simu zote zilianza kukatika, na fundi akafungua laptopu mezani sebuleni ili aone nani yuko kwenye mtandao wake. Akahesabu kwa kidole. Simu yake, simu ya mkewe, simu ya mama yake, laptopu, televisheni, ruta ya pili. Sita. Chini yake palikuwa na mstari wa saba, bila aina ya kifaa wala mtengenezaji, na jina moja limeandikwa: Chiriku. Iliyompa namba ilikuwa ruta ya chumba cha nyuma. Kazi ya kugawa, aliyoizima kwa mkono wake, ilikuwa imewaka.

Mtoto hakuwa na simu. Fundi akadhani ni jirani anaiba mtandao na kufanya mzaha, akabonyeza pale palipoandikwa Ondoa.

Koridoni kikasikika kichwa kikigonga sakafu.

Nesi ndiye aliyefika wa kwanza, akapiga magoti, akaweka vidole viwili shingoni mwa binti yake kama alivyowawekea watu wengi ambao hakuwajua, akatafuta mapigo upande huu, akatafuta upande ule, akaweka sikio kifuani na kusikia kimya ambacho alikuwa akikisikia kazini na kukiandikia saa kwenye karatasi, akaanza kubana kifua kile kidogo huku akihesabu kwa sauti na akimwita mumewe kwa jina ambalo hakuwa amemwita tangu wachumbiane, na mumewe, aliyekuwa amesimama na laptopu mikononi, akaona vidole vyake vinabonyeza Rudisha kabla hajajua kwa nini anabonyeza, na mtoto akavuta pumzi.

Nesi alimbeba mtoto, akatoka mbio kuelekea hospitali, akavuka kibaraza, akavuka ua, na hatua mbili nje ya geti, pale ambapo mawimbi ya mtandao wa nyumba yalikoma, akahisi mwili ule unalegea mikononi mwake na kuwa mzito, akasimama, akarudi hatua moja, hakuna kitu, akarudi ya pili, ya tatu, na ndani ya geti Chiriku akafumbua macho na kumtazama mama yake kama mtu aliyesumbuliwa usingizini.

Nesi akarudi ndani, akamlaza kwenye kochi.

"Umeitoa wapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

Sasa fundi akasema kweli. Aliitwa kung'oa nyaya katika nyumba ya watu waliohama ghafla, sahani zikiwa bado mezani. Mlinzi alimpa ile ruta akamwambia wenyewe wameagiza ivunjwe kwa nyundo. Yeye akaitazama, akaona bado nzima, tena nzuri kuliko ya kwake.

"Uliambiwa uivunje," nesi akasema.

"Niliambiwa."

"Ukamletea mwanangu."

"Nilimletea mama."

Bibi alikuwa amesimama koridoni, ameshika ukuta.

Mganga waliyemwita alasiri hiyohiyo alikuwa mwanamke mfupi mwenye mkoba wa shule, ambaye nesi alimfahamu kwa sababu mara mbili tatu ndugu za wagonjwa walimpitisha kwa siri mlango wa nyuma wa wodi, na nesi ndiye aliyemtimua. Alikataa kiti. Alizunguka vyumba vyote akinusa, akafika chumba cha nyuma, akatazama taa nne za kijani, akarudi sebuleni na kuketi sakafuni mbele ya Chiriku.

"Mwenyeji," akanong'ona, "tunakusalimu."

Chiriku akainua uso. Sauti haikuwa nzito kama zinavyosimuliwa za majini. Ilikuwa ileile sauti ya mtoto wa miaka sita, ila ilisema taratibu, kama mwenye nyumba anapoongea na wageni wasiojua kuaga.

"Hawa nani wanaopika kwangu?"

"Hapa ni kwetu," fundi akasema.

"Soma jina la nyumba."

Fundi akavuta laptopu. Akalifuta jina Kwangu kwenye ruta ya sebuleni, akaandika jina la zamani la nyumba yao, akahifadhi. Akamgeukia mtoto kama mtu aliyeshinda kesi.

"Umehama wewe na sebule yako," Chiriku akasema. "Huyu ni wangu. Nilimgawia mimi." Kisha akasonya, msonyo mrefu wenye nafasi yake, na harufu ya nywele zilizoungua ikamtoka kinywani.

Nesi na Bibi walitazamana. Kila mmoja aliutambua msonyo ule.

Mganga aliwavuta wote watatu hadi jikoni.

"Jini aliyeingia kwa watu hufukuzwa," akasema kwa sauti ya chini. "Huyu hakuingia. Alikabidhiwa. Mlipoipa nyumba jina lake mlimkabidhi. Sasa ana makao kwenye kile kisanduku, na aliyemgawia namba anaishi kwa kile kisanduku. Kikizimika, mtu huyo anakwenda nacho."

"Basi hakizimwi," fundi akasema. "Nitaweka betri. Nitaweka betri mbili."

"Likizama jua atagawa tena. Leo mmoja, kesho wawili, mpaka awamalize." Mganga akafunga mkoba wake. "Namba hiyo hukaa mtu mmoja. Mkimwandika mwingine mahali pa mtoto, na huyo mwingine awe ameridhia, atamwachia mtoto. Halafu mkizime kabla ya jua kuzama, na mkivunje. Mimi nimemaliza. Sitaki hata maji yenu."

Aliposikika akifunga geti, fundi alikuwa wa kwanza kusema. "Nitakaa mimi."

"Ukae wewe, halafu mambo yakiharibika nani aandike?" Bibi akauliza. "Nani humu anayejua hiyo mitambo yako? Mimi hata simu yenyewe nabonyezewa." Akakaza kanga kiunoni. "Mimi ndiye niliyelilia mawimbi. Niandike mimi."

"Mama, hapana."

"Usinipigie kelele. Nimekuzaa, nimekulea, sijawahi kukuomba kitu ukanipa siku hiyohiyo. Leo nipe."

Fundi alilia kama mtoto. Alimgeukia mkewe ili amsaidie kukataa, aseme tutafute njia nyingine, aseme lolote. Nesi alikuwa akitazama dirishani, mahali jua lilipofika. Alijua anachotakiwa kusema. Alilitafuta neno hilo moyoni mwake, kwa dhati, na hakulipata.

"Muda unakwenda," akasema.

"Mnamwona?" Bibi akasema, na akacheka kicheko kikavu. "Huyu simpendi, lakini haniambii uongo."

Fundi alikaa mezani, akafuta jina la binti yake herufi moja moja, akaandika Mama. Hakujua aandike nini kingine. Alipohifadhi, Bibi aliyumba, akashika kifua, akakaa. Chiriku kwenye kochi akapiga chafya, akatazama huku na huku, akauliza chakula kiko wapi, akauliza kwa nini baba analia, akauliza maswali manne mengine bila kungoja jibu.

"Mtoe nje," nesi akamwambia mumewe. "Mvushe geti. Nenda naye hadi mwisho wa mtaa, na usirudi mpaka nikuite."

Aliwatazama dirishani wakifika getini. Aliwatazama wakivuka, hatua mbili, tatu, kumi, mtoto akirukaruka na kuning'inia mkononi mwa baba yake. Ndipo akageuka akaenda chumba cha nyuma.

Bibi alikuwa amejilaza kitandani, amejifunika hadi kifuani, mikono juu ya shuka. Mwanga wa jua ulikuwa umebaki ukanda mwembamba juu ya dari. Ruta ilikuwa rafuni, na waya wake wa umeme ulishuka hadi kwenye soketi karibu na mlango.

"Mwanangu asingeweza," Bibi akanong'ona. "Wewe utaweza. Miaka minane umekuwa ukijifunza."

"Mama, tusianze."

"Sianzi. Ngoja nisali. Nikisema chomoa, uchomoe. Usitangulie."

Nesi akapiga magoti karibu na soketi, akashika plagi. Bibi akasali kwa midomo, bila sauti, akiwataja wafu wake mmoja mmoja, naye alikuwa na wafu wengi. Harufu ya nywele zilizoungua ilianza kushuka kutoka rafuni, na nyuma ya mgongo wa nesi kitu kilisimama, kikainamisha kichwa hadi karibu na sikio lake, na hakugeuka, kwa sababu alijua akigeuka hataweza tena, akakaza macho kwenye ule ukanda wa mwanga uliokuwa unanyauka juu ya dari, akasikia geti, au akadhani amesikia geti, akafikiri ni mume wangu ameshindwa kuvumilia, anarudi, atanizuia, jua litazama, na mzee bado anasali, na midomo yake bado inakwenda, na sasa imeacha kwenda, na yule mzee amegeuza uso juu ya mto na kumtazama yeye, kwa macho ambayo hakuwahi kumtazama nayo hata siku moja.

"Na wewe, mkwe wangu," Bibi akasema, "kwa miaka yote hii, nilitaka siku moja niku—"

Nesi akachomoa.

Taa nne zilizimika pamoja. Nyuma yake hapakuwa na kitu. Alikaa pale chini na plagi mkononi mpaka chumba kikawa giza, kisha akainuka, akaweka vidole viwili kwenye shingo ya mama mkwe wake, kwa mazoea tu, akatazama saa.

Ruta waliivunja usiku uleule kwa nyundo, fundi mwenyewe, mpaka ikawa unga. Msonyo haukusikika tena, wala harufu. Walimzika Bibi, majirani wakasema moyo, umri, ndiyo dunia. Siku ya tatu fundi alimuuliza mkewe swali moja tu.

"Aliondoka vizuri?"

"Alimaliza kusali," nesi akasema. "Akasema chomoa. Nikachomoa."

Fundi akashukuru. Alimshika mkono, akaushika muda mrefu, na nesi akamwachia.

Juma la tatu lilikuwa jema. Jioni moja nesi alikuwa akimwogesha Chiriku, povu hadi masikioni, naye akisimulia mambo ya shule, nani amemsukuma nani, mwalimu amevaa nini. Katikati ya sentensi akanyamaza. Nesi aliendelea kumsugua mgongo kidogo, kisha mkono wake ukasimama.

"Mama," mtoto akasema, akitazama maji. "Bibi hakusema chomoa."

"Wewe ulikuwa nje na baba."

"Ndiyo." Akachota povu, akalitazama. "Anasema hakuwa amemaliza neno lake. Anasema utamngoja amalizie."